Peris Hajanyolewa

Wageni wa Kitale walikuwa wanakuja Jumamosi, na hadi Jumatatu hiyo asubuhi Peris alikuwa na nywele zake kichwani. Hilo ndilo lililomfanya mumewe, Eliakim, ashindwe kumaliza chai. Aliizungusha kikombeni, akamtazama mkewe aliyekuwa akichambua maharagwe kwenye ungo, kisha akarudi kuitazama chai.

"Mama Wangila," akasema mwishowe, "hii maneno tutaimaliza aje?"

"Maneno gani?"

"Si unajua."

Alijua. Kijiji kizima cha Naitiri kilijua. Mwana wao wa kwanza, Wangila, aliletwa kutoka Somalia ndani ya sanduku lililofunikwa bendera, miaka miwili na ushei iliyopita. Kuzikwa alizikwa vizuri, hakuna wa kusema hakuzikwa. Bunduki zililia hewani, kwaya ya kanisa ikaimba mpaka ikapwelewa na sauti, na maofisa wakala kuku na kushukuru. Lakini siku ya tatu baada ya maziko, siku ambayo Wabukusu huiita lufu, waliofiwa hukaa uani mmoja mmoja wakanyolewa ili matanga yafungwe na watu warudi mashambani. Eliakim alinyolewa. Binti yao Nakhungu alinyolewa. Ilipofika zamu ya mama, Peris alikaza fundo la kitambaa chake na kumwambia mama mkwe wake, aliyekuwa ameshika wembe, "Mama, mimi niache. Hii matanga haijaisha."

Walidhani ni uchungu wa siku ile. Wakasema akilala usingizi mzuri atakuja mwenyewe kuomba wembe. Hawakujua alichoambiwa kaburini. Ofisa mmoja kijana, mwenye adabu zake, alimsogelea Peris baada ya shada la mwisho, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia kwa upole kabisa, "Mama, usiwe na wasiwasi. Nafasi yake haikubaki wazi. Tayari kuna kijana ameichukua." Maskini alifikiri anamfariji. Alifikiri mama atafurahi kusikia kazi ya mwanawe haikusimama.

"Mtoto wa nani?" Peris akamuuliza.

Yule ofisa akatabasamu, akasema hajui jina, lakini ni kijana shupavu.

Basi siku tatu zile Peris hakuwaza kingine. Mahali fulani kulikuwa na mama anayechota maji au anayepalilia vitunguu, na mwanawe alikuwa amelala juu ya kitanda cha Wangila. Jeshi lilipoingia nchi ile ya watu, Wangila alikuwa darasa la sita, akisikiliza habari redioni huku akipukuchua mahindi. Akatahiriwa, akamaliza shule, akaandikwa, akaenda, akafa, na jeshi liko kule kule. Peris akaona kwamba akikubali kunyolewa atakuwa amesema yameisha, na hayakuwa yameisha. Akasema atanyolewa siku ambayo watoto wa watu watarudi wote nyumbani na kuwaachia wenye nchi nchi yao. Alisema hivyo mbele ya wazee, bila kupandisha sauti, akaenda kuosha masufuria.

Sasa usidhani kukaa bila kunyolewa ni mchezo. Mwenye matanga haingii nyumba yenye mtoto mchanga. Haanzi kupanda, Eliakim ilibidi amwombe shemeji yake aje awatangulizie mbegu, naye alikuja akiwa amenuna. Harusini Peris hakugusa chungu. Kwenye kikundi cha akina mama walimtengea kikombe chake cha peke yake, na walimpa kwa heshima tele, "Hiki ni chako, Mama Wangila," kisha wakakirudisha juu ya kabati mbali na vingine. Siku ya kwanza alikwenda nyuma ya choo cha mwenye nyumba akalia. Siku za baadaye alizoea, au alisema amezoea.

Na kubwa kuliko yote, nyumba yenye matanga wazi haipokei wakwe, na wageni wa Jumamosi walikuwa wanakuja kumposa Nakhungu. Utakaliaje kiti kimoja na wageni wa furaha na kifo nacho kimekaa kiti cha pili?

"Nakhungu ndiye tumebaki naye," Eliakim akasema. Alikuwa amestaafu idara ya mifugo, mtu aliyechanja ng'ombe wa nusu ya tarafa, na sauti yake ilikuwa ile ile aliyokuwa akiwatulizia ng'ombe. "Ndugu yangu Sifuna ameshasema. Kama hujanyolewa, yeye na wazee hawakanyagi hapa Jumamosi. Sasa mimi nitaongea na Wakikuyu peke yangu?"

"Huyo kijana anafanya kazi gani, tena?"

"Dereva. Si Nakhungu alisema ni dereva."

"Dereva wa nini?"

"Lori, bana. Dereva ni dereva."

"Na hii haraka ya nini? Mwezi jana ndio tumesikia jina lake, leo wanaleta wazee."

Eliakim akarudi kuizungusha chai. Peris akamwaga maharagwe sufuriani, akajifuta mikono, akasema kesho atakwenda Kitale kuonana na mama wa kijana. Eliakim akafikiri anakwenda kuomba radhi kwamba siku isogezwe, akaimaliza chai.

*

Wacera, mama wa kijana huyo, Kiragu, alikuwa na meza ya viazi na karoti katika soko la Kitale, upande wa nyuma ambako jua la saa nne huwa limeshaingia. Alimjua Peris kabla hajatajiwa jina, kwa kile kitambaa. Habari ya mwanamke wa Naitiri asiyenyolewa ilikuwa imefika hata huko. Alimpangusia kigoda, akamimina chai ya chupa, akampa kikombe kile kile alichokuwa akinywea yeye mwenyewe baada ya kukisuuza. Peris alikishika kwa muda kabla ya kunywa. Ilikuwa imepita miaka miwili tangu mtu wa nje ya nyumba yake ampe kikombe cha watu wote.

"Nimefurahi umekuja, Mama Nakhungu," Wacera akasema. "Mimi nilikuwa nimemwambia Baba Kiragu tufanye polepole, kama watu. Lakini wewe unajua vile mambo iko. Angalau sasa akienda wiki ijayo, ataenda roho ikiwa imetulia."

"Akienda wapi?"

Wacera alikuwa akipanga viazi mafungu mafungu. Mkono wake ukasimama.

"Hamjaambiwa?"

Mteja akaja, mwanamke mwenye haraka, akaanza kuvigeuzageuza viazi na kulalamika kwamba vingine vimepigwa na jua. Wacera akamhudumia, akamfungia, akamrudishia chenji, na muda huo wote Peris alikaa pale kigodani na kikombe mkononi akijua anachokuja kuambiwa. Mtu huwa anajua.

"Ni dereva," Wacera akasema mteja alipoondoka. "Hiyo si uongo. Anaendesha lori za jeshi. Za maji na chakula. Wanaondoka Jumatatu ijayo."

"Somalia."

"Huko huko."

Peris akaweka kikombe chini polepole kisimwagike. Wangila naye alikuwa juu ya lori la maji. Bomu lilikuwa limefukiwa barabarani, na barabara ni ile waliyopita kila wiki kwa sababu hakuna nyingine.

"Mwanangu alikuwa akinipigia simu Jumapili," akasema. "Aliniambia kuna mwanamke mzee, kila asubuhi anapita na mbuzi zake hapo kwa kambi akienda kisimani. Kila asubuhi anasimama kwa geti anawauliza kitu. Wao hawajui lugha yake, wanacheka, wanampungia mkono. Akapita mwaka mzima akiuliza. Siku moja wakapata mtu wa kuwatafsiria. Kumbe anauliza, mnaondoka lini."

Peris akakisogeza kikombe mbali na mguu wake.

"Wangila alicheka akiniambia. Mimi pia nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka na huyo mama wa watu yuko nyumbani kwake."

"Wewe ulimzuia wako asiende?" Wacera akauliza. Hakuuliza kwa ubaya.

"Nilimchinjia kuku."

"Basi."

Wacera akachukua karoti moja, akaipangusa udongo kwa aproni, akairudisha pale pale ilipokuwa. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, akiangalia meza, "Nimekuwa nikiomba avunjike mguu. Kidogo tu. Ateleze bafuni, avunjike, wamwache nyumbani. Mimi mamake. Nimefunga na kuomba mtoto wangu avunjike mguu."

Peris akamshika mkono wenye udongo. Hapo ndipo alipomwambia yaliyokuwa moyoni. Kwamba kila baraza la chifu husimama na kuuliza swali moja, watoto wanarudi lini. Kwamba chifu humjibu hayo ni mambo ya Nairobi, lakini humwacha aulize mpaka mwisho, kwa sababu mtu aliye matangani haondolewi kwa nguvu. Kwamba alikwenda mpaka Bungoma, ofisi hadi ofisi, na barua aliyoandikiwa na Nakhungu kwa mwandiko mzuri, na kila dirisha lilimwambia mama hiyo si ya hapa, mpaka karani mmoja alipochoka naye akaigonga muhuri wa kupokelewa. Alifurahia ule muhuri wiki nzima. Baadaye akagundua hakuna aliyeisoma.

"Twende wote wawili," akasema. "Mmoja ni mwendawazimu. Wawili watatuuliza tuna shida gani."

Wacera akatikisa kichwa, na macho yake yalikuwa yamejaa.

"Mama, mimi nimezaliwa hapa Kitale. Mamangu amezikwa hapa. Na kila uchaguzi ukikaribia sisi Wakikuyu tunaulizwa tulitoka wapi. Wa kusimama kuuliza serikali maswali si mimi. Nikisimama, watasema hata ardhi tuache. Wewe uliza. Mimi nitakuwa naomba hiyo ya mguu."

*

Nakhungu alikuwa ameajiriwa duka la mbegu na dawa za mifugo, mwendo wa dakika kumi kutoka soko. Alipomwona mamake mlangoni alimwomba mwenye duka ruhusa, akamvuta hadi stoo ya nyuma, katikati ya magunia ya mbolea. Hakuuliza amefuata nini.

"Ulinidanganya," Peris akasema.

"Sikudanganya. Sikumaliza tu."

"Nakhungu."

"Ningemaliza ungekubali?"

"Nisingekubali. Na leo pia sikubali. Kichwa hiki kiko hivi kwa sababu gani? Niambie. Ndugu yako alikuwa nani kwako?"

Msichana akaegemea gunia. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu na alikuwa na paji la uso la Wangila, hata Peris wakati mwingine alishindwa kumtazama sawasawa.

"Mama, unajua vile nilikaa kwa hii miaka? Wewe ulikuwa na matanga. Baba alikuwa na wewe wa kuangalia. Mimi nilirudi kazini baada ya wiki moja na kichwa kimenyolewa, wateja wananiambia style imekutoa, umependeza. Kiragu ndiye mtu wa kwanza aliniuliza Wangila alikuwa anapenda kula nini. Si alikufa aje. Alikuwa anapenda kula nini."

"Basi mwambie asiende."

"Akikataa ni korti, halafu ni jela. Ameshasaini, Mama. Alisaini kabla anijue."

"Basi mngoje arudi. Akirudi mzima nitanyolewa siku hiyo hiyo, mimi mwenyewe nitatafuta wembe."

"Na asiporudi?"

Peris akakaza fundo la kitambaa chake.

"Wewe ndiye unasema kila siku kwa baraza, wanakufa huko. Unasema mbele ya watu. Basi asiporudi, mimi nitakuwa nani?" Sauti ya Nakhungu haikupanda. Ilikuwa inashuka, na hilo ndilo lililomuumiza mamake. "Hawajaleta kitu kwenu, wazee hawajakaa, mimi ni msichana tu alikuwa anaongea naye kwa simu. Wale maofisa wakija hawatakuja kwangu. Nitasikia kwa watu. Nitaenda mazishi nisimame huko nyuma na watu wa kuja kula. Hakuna mtu ataniketisha kwa kiti aninyoe. Kama unaamini atakufa, Mama, nipe ruhusa ya kumlilia. Hiyo tu."

Huko mbele ya duka mtu alikuwa akiulizia dawa ya kupe. Peris alisimama kati ya magunia. Miaka miwili watu walikuwa wamemtukana, wamemcheka, wamemhurumia, wamemwombea pepo limtoke, na hakuna hata mmoja aliyemtikisa. Sasa mtoto wake mwenyewe alikuwa amemwomba kitu ambacho hangeweza kumnyima. Aliona waziwazi kwamba matanga aliyoyaweka wazi kwa ajili ya watoto wa wengine yalikuwa yamemfungia nje wa kwake.

"Rudi kazini," akamwambia. "Mwajiri wako atakasirika."

*

Alinyolewa Jumamosi alfajiri, uani, kabla umande haujakauka. Mama mkwe wake, Kukhu Nakhumicha, yaani nyanya Nakhumicha, ndiye aliyemnyoa, kwa wembe mpya. Yule bibi alikuwa ameungoja wakati huo miaka miwili, na alikuwa amejiandalia maneno ya kumsimanga, maana alikuwa na ulimi. Lakini alipofungua kile kitambaa akaona nywele zimejaa mvi, nywele za mke wa mwanawe ambaye yeye alimpokea hapo akiwa binti mbichi, maneno yakamkauka. Akaanza kunyoa. Alipofika kisogoni ikabidi apumzike.

"Pole, mwanangu," akasema.

"Nyoa tu, Mama. Wageni watatukuta."

Peris alitarajia kuhisi wepesi. Wengi husema wakinyolewa husikia kama mzigo umetuliwa. Yeye alisikia baridi tu, na aibu, kana kwamba amemgeuzia Wangila mgongo mchana kweupe. Eliakim alimpitia karibu akamgusa bega, lakini Peris hakumtazama. Nywele zilifagiliwa zikazikwa nyuma ya nyumba na mambo ya matanga yakaisha. Kabla ya saa tatu majirani wawili walikuwa wameingia jikoni wakichekacheka kusaidia kukaanga, wakachukua vikombe vyote juu ya kabati bila kuuliza kipi ni cha nani.

Wageni walifika saa tano. Gichuki, baba wa kijana, alikuwa mtu mrefu, mkimya, koti lake limepigwa pasi vizuri. Wacera alikuja amevaa kitenge kipya na alipokiona kichwa cha Peris alitazama chini. Msemaji wao alikuwa Muchiri, ndugu wa Gichuki, mtu wa mizaha. Upande wa nyumbani alisema Sifuna, ambaye sasa alikuwa amechangamka kabisa, kana kwamba hakuwahi kugoma. Wakapiga utani wa Wabukusu na Wakikuyu, wakazozana juu ya ng'ombe na mbuzi kwa ile namna ya watu ambao wameshakubaliana, wakala, wakanywa. Kiragu mwenyewe alikaa pembeni, kijana mwembamba, mikono magotini. Peris alikuwa amejiandaa kumchukia. Lakini alipopewa nyama, kijana alimega kipande kizuri akampelekea Kukhu Nakhumicha kwanza.

Kisha Sifuna akasema, kwa furaha yake, mama wa binti naye aulizwe kama ana neno. Ni desturi. Mama husema ameridhika, au huomba blanketi, watu wakacheka.

Peris akasimama.

"Mimi sitaki ng'ombe," akasema. "Mbuzi pia rudisheni. Mimi naomba kitu moja tu ya huyu mtoto wangu. Kiragu asiende."

Wazee wakacheka. Walifikiri anauza bidhaa yake. Muchiri akapiga paja, akasema, "Ah, Mama, wewe ni mkali. Haya, tumeongeza blanketi na ya nyanya pia."

"Sijasema blanketi. Nimesema asiende Somalia. Na kama kuna mzee hapa anaweza kwenda na mimi tuwaambie hao wakubwa warudishe na wengine, nitampa hizo ng'ombe zote aende nazo kwake."

Kicheko kikafa kidogo kidogo, mmoja mmoja. Sifuna akamvuta Eliakim mkono, kwamba mnyamazishe mkeo. Eliakim akainamia kikombe chake. Gichuki alikuwa akitazama viatu vyake. Kijana mwenyewe akasimama.

"Mama," Kiragu akasema, "kama ingekuwa ni ya kukataa, ningekataa. Nikikataa nitafungwa, na mwingine atapelekwa. Mimi sina mtu nachukia huko. Naendesha tu lori." Alisita. "Nitajaribu kurudi."

"Wewe si wa kujaribu," Peris akasema. "Barabara ndiyo itaamua."

Akaketi. Muchiri akakohoa, akasema tumshukuru Mungu kwa chakula. Ng'ombe wakakubaliwa, mbuzi wakakubaliwa, na Nakhungu akaitwa atoke nje wageni wamwone. Alitoka amevaa vizuri, akatazama kichwa cha mamake kilichonyolewa, na akaanza kulia kabla hajafika katikati ya ua, wakasema ni furaha.

*

Kiragu aliondoka Jumatatu hiyo. Alipiga simu kila alipopata mtandao, akiuliza mvua, akiuliza mahindi, akimsalimia Eliakim kwa jina la baba. Alikuwa ameambiwa mwaka mmoja. Mwaka ulipokaribia kwisha wakaambiwa wangoje kidogo, kikosi cha kuwapokea hakijawa tayari. Kidogo ile ikawa miezi mitatu, ikawa minne. Nakhungu alikonda. Alikuwa sasa akija Naitiri kila wikendi, analala chumba cha Wangila, na simu aliifunga kwenye leso kiunoni hata akienda kuoga.

Ndipo likaitwa baraza, uwanjani mbele ya ofisi ya chifu. Mambo yalikuwa ya mbolea na vitambulisho. Nakhungu alikuwa likizo wiki hiyo akaenda pamoja na mamake, wakaketi nyasini kati ya akina mama. Chifu alipouliza kama kuna mwenye swali, Peris akasimama kama alivyosimama mara zote.

"Chifu, ni swali langu lile. Hawa watoto wetu wako kwa nchi ya wenyewe karibu miaka kumi na tano. Wanarudi lini?"

Chifu akavua kofia, akaipunga kujipepea. Alikuwa amechoka, na jua lilikuwa kali.

"Mama Wangila," akasema, "tulikuwa tunakuacha uulize kwa sababu ulikuwa na matanga. Mtu wa matanga anavumiliwa. Si ulinyolewa? Si tulikula kwako? Matanga yako iliisha, na ulizawadiwa ng'ombe juu yake. Sasa hii swali unauliza kama nani?"

Watu wakacheka, si sana, kile kicheko cha kumridhisha mkubwa. Peris akapeleka mkono kichwani. Nywele zilikuwa zimeota zote tena. Katika siku zote za kudharauliwa, hakuna siku iliyomuuma kama hiyo, kwa sababu chifu alikuwa na haki ya kuuliza. Peris alikuwa na kitu kimoja tu cha kusimamia mbele ya watu na alikuwa amekitoa kwa mkono wake, na kama angeombwa tena na yule yule aliyemwomba, angekitoa tena. Akaketi.

"Swali lingine," chifu akasema.

Nakhungu alikuwa ameshasimama. Kwa mkono mmoja alikuwa ameshikilia leso kiunoni.

"Ni hilo hilo, chifu. Wanarudi lini?"

Chifu akamtazama huyu binti wa juzi, nadhifu, kichwa kimesukwa vizuri, hana hata alama ya msiba. Akageukia watu kama anayetaka washuhudie.

"Na wewe? Wewe umefiwa na nani?"

"Bado," Nakhungu akasema. "Ndiyo maana nauliza sasa."